Kunusa Mara Tatu

Baba yangu mpendwa,

Friji imekufa. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na barua inayojaza ukurasa mzima kwa salamu. Ilizima Jumanne. Fundi wa hapa Hai Mauna akaja, akaifungua mgongo, akatikisa kichwa kama daktari, na tangu hapo naitumia kama kabati la vyombo. Nyama niliigawa kwa majirani, maziwa nikamwaga. Kilichobaki ni kile kipakiti chako cha karatasi ya kung'aa, kilichokaa nyuma ya rafu ya juu tangu ulipotuacha, na joto la Juba unalijua mwenyewe.

Sijakifungua. Uliniomba jambo moja tu mwishoni mwa maisha yako, na mimi binti yako uliyejivunia mbele ya kanisa zima nimelikwepa mwaka mzima. Leo siwezi kukwepa tena. Hopsi zilizomo, yale maua ya bia, zikikaa kwenye joto hili siku mbili tatu zaidi hakutabaki cha kunusa, na swali lako halitapata jibu. Kwa hiyo nimekaa mezani asubuhi hii, kipakiti kiko mbele yangu na mkasi uko kando. Kabla sijakata, kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kibari changu, lugha ya kwetu, ulikicheka hadi machozi, na Kiarabu cha Juba nilijifunzia sokoni nikiwa mtu mzima. Kiswahili ndicho tulichorudi nacho kutoka Kenya, wewe na mimi, na ndicho tulichosemea mambo ambayo hatukutaka shangazi ayasikie.

Unakumbuka nyumba yetu ya Nakuru? Ulikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha bia, ukisimamia hopsi. Watoto wenzangu hawakujua hopsi ni nini, nami nilijigamba kuwaeleza kwamba ni maua ya mmea unaotambaa huko nchi za baridi, na kwamba hutiwa kwenye bia inapochemka ili iwe chungu na inukie. Ukirudi jioni hukunawa kwanza. Uliingia na viganja vimefumbwa, ukachutama mbele yangu, ukavifungua.

"Nusa, Mama."

Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Nilitia uso mzima humo viganjani. Kulikuwa na majani yaliyokatwa sasa hivi, ganda la chungwa, na nyuma kabisa kitu kama mbao mpya za seremala. Mama yangu alikuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi akilalamika kwamba kanisani tunaambiwa tuache pombe, na wewe unamletea mtoto harufu yake nyumbani. Ulimjibu vilevile kila siku: "Hii si pombe, hii ni maua." Ndipo ulipokwenda kunawa, tukala.

Kazini ulikuwa na desturi yako, na hukumruhusu mtu yeyote kuikatiza. Gunia likifunguliwa ulinusa mara tatu. Mara ya kwanza hukugusa kitu, uliinamisha kichwa tu, ili ujue gunia limetunzwa vipi safarini. Mara ya pili ulichukua vile vidonge vya kijani vilivyoshindiliwa kama chakula cha sungura, ukavisugua kwa nguvu hadi mikono inate, na hapo ukanusa harufu zenye haraka ya kutoka; ulizihesabu kama watu. Halafu ulifumba viganja, ukasema Baba Yetu kimoyomoyo, polepole, na ulipofika amina ulivifungua ukanusa mara ya tatu. Ulitaka kujua nani amebaki. Wafanyakazi walisimama wakikusubiri umalize kuomba juu ya maua ya bia, na hakuna aliyecheka. Uliniambia kwamba anayenusa mara moja amesalimia tu, hajazungumza na mtu.

Hukumu yako ilikuwa neno moja. Zikiwa nzuri ulisema "kwes." Zikiwa zimeharibika hukusema zimeoza. Ulisema "taban," zimechoka, kwa upole, kama unayemzungumzia mtu aliyetoka safari ndefu.

Nilipomaliza kusomea kemia na tukarudi Juba, hoteli moja ya Hai Amarat ilikuwa ikijipikia bia yake uani. Walikuchukua wewe kwa stoo na chumba baridi, na mimi kwa meza ya vipimo. Watu waliniambia nina bahati kufanya kazi na baba. Walikuambia wewe hivyohivyo, nawe ulijibu kwamba bahati ni ya huyo anayepewa chai ya bure na baba yake kila saa nne.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile lilipofika boksi la hopsi ambazo hazikusagwa, maua mazima yaliyokaushwa. Ulikuwa hujayaona mazima kwa miaka. Ulilichukua moja, jepesi kama si kitu, ukalipasua kwa ukucha katikati, na ndani chini ya kila jani la ua kulikuwa na vumbi la njano. Ulilipaka kidoleni, ukaninyooshea. "Hili ndilo linalotulisha," ulisema. "Haya, msomi, nieleze limetoka wapi."

Nikakueleza nilivyofundishwa. Ua likiwa changa vumbi hilo halipo. Linapokua, vitezi vidogo huota chini ya majani yake, kila kimoja kama kikombe, na kikombe hujaa utomvu mchungu pamoja na mafuta yenye harufu. Mmea huyajenga mafuta hayo kwa vipande vidogo vyenye kaboni tano tano. Vipande viwili vikiungana hutoka mirsini, mwepesi, yule wa majani mabichi. Vikiungana vitatu hutoka humulini na kariofilini, wazito, wa mbao na pilipili manga. Wazito hutangulia kuonekana kwenye ua. Mirsini huja mwishoni, mavuno yakikaribia, halafu hujazana hadi kuwapita wenzake wote.

Ulinisikiliza kichwa umekiinamisha, namna ulivyosikiliza mahubiri.

"Kwa hivyo wote ni ndugu, vipande ni vilevile."

"Ndiyo, Baba."

"Na huyu mirsini ndiye kitinda mimba."

"Ndiyo."

"Na sufuria ikichemka, wa kwanza kukimbia ni nani?"

"Yeye. Ni mwepesi, hupaa na mvuke. Ndiyo maana hopsi za uchungu tunatia mwanzo na za harufu tunatia mwisho."

"Hilo la kutia nalijua, nilikuwa nalifanya wewe hujaota meno," ulisema. "Nilikuwa sijui tu jina la anayekimbia." Kisha ukanitazama, mimi mtoto wako wa mwisho, pekee niliyerudi nawe Juba, ukacheka kidogo. "Mirsini wangu, wewe usikimbie."

Kuanzia siku hiyo uliniita Mirsini tukiwa kazini, na wapishi wakadhani ni jina la ubatizo. Ukaandika majina yote matatu nyuma ya kadi ya stoo, ukayakariri, na ukawa ukiyasalimia unapofungua gunia. Siku nyingine nilikusikia ukimuuliza humulini habari za asubuhi. Yeye ndiye uliyempenda zaidi, kwa kuwa hubaki. Ulimwita mzee.

Halafu ikaja ile homa. Ulilala wiki mbili na tukadhani tunakupoteza. Ulipoinuka ulikuwa umekonda, lakini ulikuwa wewe, na ulirudi kazini Jumatatu bila kumsikiliza mtu. Mimi nilijua Jumamosi yake. Nilikuacha jikoni na sufuria ya maharage nikaenda dukani, na niliporudi nyumba nzima ilikuwa moshi na harufu ya kuungua imefika kwa jirani. Wewe ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka jikoni, ukisoma. Ulinitazama, ukatazama sufuria, ukasema, "Nilisinzia." Hukuwa umesinzia, Baba. Miwani ilikuwa puani na ukurasa ulikuwa nusu umefunuliwa.

Nilisugua sufuria kwa mchanga. Na wewe, kazini, uliendelea kunusa mara tatu, na kufumba viganja na kuomba, na kusema "kwes." Ulisema "kwes" kwa kila gunia.

Nikaanza kuamka mapema kuliko wewe. Niliingia chumba baridi kabla hujafika, nikanusa magunia ya siku hiyo, na lililochoka nililisukuma nyuma kabisa ili mkono wako usilifikie. Ulipofika ulikuta yaliyo mema tu, na "kwes" yako ikawa kweli. Miezi miwili tuliishi hivyo. Sijui kama uliona magunia yamehama. Wewe uliyejua kila gunia lilipo hata taa zikizimika, nadhani uliona. Hatukuwahi kulisema, na nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Kisha wiki moja dizeli haikufika, jenereta likazimwa siku nne, na chumba baridi kikawa na joto kama nje. Asubuhi ya siku ya tano mvua ilinyesha, njia ya kutoka Mauna ikawa matope matupu, na nikachelewa. Nilipoingia ulikuwa umekwisha kulifungua gunia. Umenusa, umesugua, umeomba, umenusa. Wapishi walikuwa wamesimama na ndoo. "Kwes," ulisema. Ilikuwa bia ya Krismasi.

Nilikuwa bado mlangoni harufu iliponifikia. Jibini kuukuu. Ni ule utomvu mchungu ndio huvunjika kwenye joto na kutoa harufu hiyo, na ilikuwa kali kiasi kwamba hata mwenye mafua angeisikia. Niliinama mara moja juu ya gunia ili nihakikishe, mara moja tu. Ulikuwa umesimama mkono mmoja kutoka kwangu, viganja vyako vya kijani, ukinisubiri nitabasamu.

Ningeweza kusugua mbele yako na kusema, "Baba, hii taban." Neno ni lako, wewe ndiye uliyenipa. Lakini hakuna aliyewahi kukusahihisha mbele ya watu, na nikaona aibu, na aibu hiyo nikaipa jina la huruma. Nikapanda ngazi kwenda ofisini kwa mpishi mkuu wa bia, yule Mganda mpole.

"Dada, mbona unakimbia?"

"Gunia la leo limeharibika. Wasitie."

"Lakini mzee amesema iko sawa."

Hapo ningeweza kukomea. Ningesema mzee amekosea, au nimepima mezani, au lolote lile. Nikasema, "Baba hasikii harufu tena. Tangu ile homa."

Akavua kofia yake. "Pole," aliniambia. "Mimi nilikuwa naogopa hiyo siku."

Kesho yake alikuita, akakupa kiti, akaongea nawe kwa adabu zote. Nilikuwa mezani kwangu, mlango wazi, nikijifanya nasoma vipimo. "Mzee, wewe umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika. Mtu amesema pua imechoka kidogo."

"Nani amesema?"

"Mtu tu, mzee."

Hukuuliza mara ya pili. Ulitoa funguo za stoo mfukoni, moja moja, ukaziweka mezani. Ulipita karibu na meza yangu ukasema tutaonana nyumbani. Jioni nilikukuta na pasi ya Mama, unaziba kipakiti cha karatasi ya kung'aa pembe zote nne, kwa makini, kama ulivyofanya Nakuru. Ulikuwa umechota ngumi moja kwenye gunia lile kabla hawajalimwaga.

Ulikaa nyumbani mwaka na miezi kadhaa. Ulipanda bamia, ukagombana na kuku wa jirani, ukaenda kanisani. Lakini viganja vyako vilikuwa safi muda wote, na mimi sikuzoea kuviona hivyo. Ulipolala mara ya mwisho, ulimtuma Mama alete kipakiti, ukanitia mkononi.

"Wewe una pua," uliniambia. "Siku moja ukifungue. Unuse vizuri, kama nilivyokufundisha. Uniambie nani alikuwa sahihi, mimi au huyo aliyesema."

Nikasema, "Ndiyo, Baba." Ukanishika mkono ukanitazama muda mrefu, hukuwa na hasira. Tangu siku hiyo najiuliza kama ulijua, na kama ulikuwa unanifungulia mlango ili niseme mwenyewe. Nilikuwa na siku tisa za kusema. Nilikubadilishia shuka, nikakunywesha uji, nikakusomea zaburi, na sikusema. Uliniambia nisikimbie, nami nilikimbia mara mbili, mara moja juu ya ngazi na mara moja kando ya kitanda chako.

Mambo haya yananiuma kuliko kifo chenyewe. Kifo ni kazi ya Mungu. Hili lilikuwa langu.

Nimelia kidogo, nimekunywa maji. Sasa nakata.

Nimekata.

Mara ya kwanza, bila kugusa: jibini. Sikutarajia kingine. Mara ya pili nimesugua kwa nguvu, na kalamu sasa inanata, utaona karatasi ilivyochafuka. Jibini tena, kali zaidi. Hakuna majani mabichi wala ganda la chungwa. Mirsini ameondoka kabisa. Chuoni walitufundisha kwamba harufu inayofika puani ni yale mafuta yanayoliacha ua wakati huohuo, na kwamba ukiisikia, maana yake yameshaondoka. Niliandika hayo kwenye daftari bila kuyafikiria.

Basi jibu lako ni hili, na nakupa wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba, hii taban. Ilikuwa taban siku ile. Aliyesema alisema kweli, na aliyesema ni mimi.

Baada ya hapo nilifumba viganja nikaanza Baba Yetu, polepole, kama wewe. Nilipofika pale pa kusamehewa nilikwama. Nikaanza upya. Mara ya pili nilifika amina, nikavifungua.

Yupo. Chini ya jibini, mbali, kuna mbao. Ni kidogo sana, lakini ni yeye, yule mzee wako aliyebaki. Siku ile sikumsubiri. Hata ningemsubiri hukumu ya gunia isingebadilika, lilikuwa la kumwagwa. Lakini ningekuwa nimesimama kando yako, viganja vimefumbwa, kwa muda wa sala moja nzima, na katika muda huo huenda ningepata ujasiri wa kukugeukia wewe badala ya kupanda ngazi.

Mama anakuja kutoka Buluk saa sita, anakaa kule kwa shangazi siku hizi. Nimempikia bamia zako, zile zinazojiotea zenyewe uani. Atafika mlangoni akiwa na maneno yake, na kabla hajaketi nitachutama mbele yake nimfungulie viganja, nimweleze ni hopsi za gunia gani na nani alisema. Chakula kiko tayari. Sijanawa.

Pumzika, Baba. Ukikutana na mama yako huko, mwambie aliyebeba jina lake anajaribu kutokimbia.

Ni mimi, binti yako, yule uliyemwita Mirsini.